Shajara ya Mwongozo wa Valencia: Septemba 2024 hadi Agosti 2025

Septemba 2024

Tumekubaliana watu watatu tuandike mwongozo wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaokuja kusoma Valencia. Mimi ni wa Moshi, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji hapa Universitat Politècnica de València. Dada wa Mombasa anasoma uchumi, na kaka wa Bukavu anasoma usanifu majengo. Kila ifikapo Agosti simu zinaanza kuingia, maswali ni yale yale na wanaojibu ni wale wale. Habari za Kiingereza zipo tele mtandaoni, ila nyingi zimeandikwa kwa Mmarekani anayekuja muhula mmoja, ambaye chuo chake kimeshamtafutia chumba, bima na mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Kijana anayetoka Mwanza au Kisumu peke yake, nauli imechangwa na ukoo mzima, anahitaji maelezo ya namna nyingine.

Mpango wenyewe: sura sita (karatasi, nyumba, chakula, pesa, afya, masomo), faili moja jepesi linalofunguka hata kwenye simu ya bei ndogo, litumwe kwa WhatsApp kabla wageni wa Septemba ijayo hawajapanda ndege.

Nimeanza na karatasi kwa sababu ndizo zinazowanyima watu usingizi. Mwenye viza ya masomo ya zaidi ya miezi sita anatakiwa kuomba kadi ya mgeni, TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu aingie nchini. Anatafuta miadi ya polisi mtandaoni, anajaza fomu EX-17, analipa ada benki kwa fomu 790 namba 012, anapeleka pasipoti na picha, anachukuliwa alama za vidole, kisha anasubiri kadi. Miadi ndiyo shughuli yenyewe. Mtandao unaweza kukwambia hakuna nafasi asubuhi, mchana na jioni, halafu nafasi zikatoka ghafla na kuisha kabla hujamaliza kuandika namba ya pasipoti. Tumeshauri kila anayekosa nafasi apige picha ya skrini yenye tarehe na kuitunza, ili akiulizwa baadaye aonyeshe kwamba alihangaika mapema.

Nilipozipanga hatua zote kwenye daftari nikaona jambo. Polisi wanataka cheti cha padron, yaani cha manispaa kinachoonyesha unaishi wapi. Benki inataka anwani. Kituo cha afya kinataka anwani. Na padron nayo inataka mkataba wa nyumba. Mambo yote yanaishia kwenye swali moja, unalala wapi. Wenzangu wamekubali: sura ya nyumba itangulie, karatasi zifuate.

Oktoba

Wengi wetu tunaishi Benimaclet, mtaa uliokuwa kijiji kabla jiji halijaufikia. Bado una uwanja wake mbele ya kanisa na nyumba fupi fupi, na ukivuka barabara ya mwisho unakanyaga shamba. Chumba katika fleti ya kuchangia, tulivyoona sisi mwaka huu, ni kati ya euro 300 na 450 kwa mwezi. Jiko, choo na sebule ni vya wote.

Swali la kwanza kwa mwenye nyumba, hata kabla ya kuuliza kodi, ni kama utaruhusiwa kujiandikisha padron kwa anwani ile. Tumeliandika kwa Kihispania kwa herufi nene ili mgeni alinakili tu: «¿Me puedo empadronar?» Wapo wanaokataa, wengine kwa kuogopa mamlaka ya kodi, wengine kwa mazoea tu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1985 inamtaka kila anayeishi Hispania ajiandikishe kwenye manispaa anakoishi, na mwenye mkataba uliosainiwa anaweza kwenda nao mwenyewe. Lakini mwanafunzi aliyefika jana hana nguvu ya kugombana na mtu aliyeshika ufunguo. Ushauri wetu ni mfupi: anayekataa padron, muage kwa heshima utafute kwingine.

Kuhusu dalali: sheria ya nyumba ya mwaka 2023 inasema ada yake inalipwa na mwenye nyumba pale nyumba inapokuwa makazi ya kudumu. Mikataba ya msimu, ambayo ndiyo wanafunzi wengi wanapewa, imebaki nje ya kifungu hicho, kwa hiyo ukiona neno «temporada», yaani msimu, soma mkataba wote pole pole. Na usitume senti kwa chumba ambacho hakuna mtu wetu aliyekiona kwa macho. Tumejitolea kwenda kuangalia.

Dada wa Mombasa alisisitiza tueleze pia maisha ndani ya jengo, na alikuwa na haki. Katikati ya jengo kuna uwazi wa kupitisha mwanga, na madirisha ya majiko yote yanautazama. Kamba za nguo zinazunguka kwenye vikapi viwili; ukivuta huku, shati linasogea kule. Nguo ikidondoka inatua kwa wa chini, na hapo huna budi kwenda kubisha hodi. Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na bibi wa ghorofa ya kwanza. Asubuhi redio yake inasikika hadi kwetu, na ikifika saa saba mchana harufu ya vitunguu na nyanya inapanda kutoka majiko matatu kwa pamoja. Mgeni anayepita ngazini bila kusema «buenos días» anaonekana mtu wa ajabu. Kwetu sisi tuliolelewa kuamkia kila mtu, hilo ni jepesi, na linafungua milango mingi.

Novemba

Kazi ya mwongozo ilisimama tarehe 29 Oktoba kwa sababu ya mafuriko. Ninaandika sasa, mwezi ukiwa katikati.

Mjini kwetu mvua ya siku ile haikuwa ya kutisha. Maji yalitoka bara, kwenye vilima, yakashuka na korongo la Poyo hadi miji ya kusini: Paiporta, Catarroja, Massanassa, Alfafar, Benetússer, Sedaví. Onyo lilipolia kwenye simu zetu saa mbili na dakika 11 usiku, mitaa mingi ya huko ilikuwa imeshajaa maji. Katika mkoa wa Valencia walikufa watu zaidi ya 220.

Watu wa nyumbani walikuwa wakiuliza tulinusurikaje, nikawaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo fani yangu. Mto Turia ulifurika mjini tarehe 14 Oktoba 1957 ukaua watu. Baada ya hapo ukachimbwa mkondo mpya kusini mwa jiji, na ule wa zamani ukageuzwa bustani ndefu ambamo wanafunzi tunakimbia jioni. Safari hii mkondo mpya ulihimili, na jiji likabaki kavu. Waliokuwa ng'ambo yake ya kusini, wakiwemo watu wa La Torre ambao ni sehemu ya jiji lenyewe, hawakuwa na kinga hiyo.

Tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, tulivuka daraja la waenda kwa miguu pamoja na maelfu ya watu, mafagio na makoleo begani, maji ya kunywa mgongoni. Tope lilikuwa la kahawia, zito, linang'ang'ania buti mpaka mguu unachomoka mtupu. Watu walijipanga mstari wakilisukuma kwa mafagio na vipande vya mbao kutoka sebuleni hadi barazani, kutoka barazani hadi barabarani, na mifereji ya barabarani ilikuwa imeziba. Mzee mmoja alinipa albamu ya picha za harusi nimshikie akatafute kitambaa kisafi. Alirudi mikono mitupu, nyumba nzima haikuwa na kitambaa kisafi. Tukafungua kurasa moja moja tukaziegemeza ukutani kwenye jua.

Kaka wa Bukavu ametoka mahali ambapo mlima ukiporomoka majirani ndio wanaochimba. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza mtaani nani anaishi peke yake juu bila lifti, nani anahitaji dawa ya kisukari. Ile orodha yake, iliyoandikwa nyuma ya kasha la chakula, ilifanya kazi kubwa kuliko mafagio yetu.

Masomo ya darasani yalisimama siku kadhaa, na metro wiki kadhaa. Tumeongeza sura ya saba: dharura. Namba ni 112. Maji yakija panda juu, usishuke kuokoa gari. Wengi walifia kwenye maegesho ya chini ya ardhi. Na kabla ya kusaini mkataba tazama ramani za maeneo ya mafuriko za serikali, ziko wazi mtandaoni. Chumba cha bei nafuu ghorofa ya chini kando ya korongo lililo kavu, mtu asikichukue bila kuitazama ramani hiyo.

Desemba

Sura ya chakula karibu yote ameiandika dada wa Mombasa, na ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote. Unga mweupe wa mahindi unaouzwa maduka ya Walatini ni wa arepa, vimkate vyao vya mahindi, umeshapikwa kiwandani. Ukiusonga unashika upesi, na ladha yake ni nyingine. Sembe huonekana mara mojamoja kwenye maduka ya Waafrika mtaa wa Russafa. Mchele wa bomba, unaolimwa karibu na ziwa la Albufera, ni wa paella, wali wa hapa Valencia. Punje yake fupi inakunywa mchuzi mwingi. Kwa pilau la kuchambuka, nunua basmati. Muhogo upo, ndizi mzuzu zipo, nazi ya kopo ipo. Mchicha hatujaupata, tunapika majani ya acelga na tui, na yanatosha.

Saa za kula tumezieleza kwa kirefu kwa sababu zinapanga siku nzima. Chakula cha mchana ni saa nane hadi tisa, cha usiku ni saa tatu au baadaye. Jumapili maduka makubwa mengi yamefungwa. Soko Kuu, Mercado Central, lililofunguliwa mwaka 1928, linafunga mchana. Katikati ya asubuhi watu wa Valencia wana mlo wao wanaouheshimu sana: mkate mrefu uliojazwa, zeituni, na karanga za maganda. Fundi, karani na profesa wanakaa meza moja. Mwanafunzi anayealikwa pale aende, maana ndipo anapoanza kujulikana kwa jina.

Nami nimeongeza ukurasa mmoja. Nyuma ya chuo, kuelekea Alboraya, wakulima wanalima chufa. Ni ndago! Jamaa ya ile ile tunayoing'oa mashambani tukiilaani. Hapa majani yanachomwa, vijitunguu vinavunwa kuanzia Novemba, vinaoshwa na kuanikwa miezi mitatu hivi huku vikigeuzwa. Kisha vinasagwa na maji, vinakamuliwa, vinatiwa sukari, na kinywaji chake, horchata, kinanyweka baridi sana. Nilimtumia mama picha ya shamba, akanipigia papo hapo kuuliza kama wana akili timamu. Nimemwahidi nitamletea.

Januari 2025

Baridi ya Valencia inakaa ndani ya nyumba. Nje jua lipo, lakini fleti nyingi za bei yetu hazina mfumo wa kupasha joto, sakafu ni vigae, na unyevu wa bahari unaingia kwenye mashuka. Tumeandika: leta soksi nene na ndala za manyoya, blanketi utanunua hapa. Anayetumia hita ya gesi, ile ya mtungi wa rangi ya machungwa wa kilo 12.5, aache dirisha wazi kidogo na asilale ikiwaka.

Sura ya afya imekamilika. Ni fupi, kwa kuwa viza inamlazimu mtu aje na bima. Famasia inajulikana kwa msalaba wa kijani, na usiku ipo ya zamu.

Februari

Sura ya masomo. Alama ni kuanzia 0 hadi 10, na kufaulu ni 5. Angalia lugha ya somo kabla ya kujisajili, kwani mengine hufundishwa kwa Kivalencia, lugha ya huku, na aliyejifunza Kihispania miezi mitatu Dar es Salaam atapata tabu. Jambo la kuzoea polepole: profesa mwenye mvi anataka umwite kwa jina lake. Sisi tuliozoea shikamoo mwalimu tunasitasita hadi Krismasi.

Alhamisi moja niliwapeleka wageni wa muhula wa pili kwenye Mlango wa Mitume wa Kanisa Kuu kutazama Baraza la Maji. Saa sita kamili mchana, wawakilishi wa mifereji ya mashamba wanakaa kwenye duara la viti, wamevaa majoho meusi. Wamechaguliwa na wakulima wenyewe. Mfereji mmoja mmoja unatajwa, mwenye malalamiko ajitokeze. Kila kitu ni kwa mdomo, hakuna wakili. Siku ile hakukuwa na kesi, wakainuka na kuondoka. Baraza hili liliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009, na watalii walikuwa wengi kuliko wakulima. Wageni wangu waliona dakika chache za wazee. Mimi niliwaza mifongo, mifereji ya kumwagilia ya kwetu Machame, zamu za maji zinazopangwa na wazee, na mtu aliyefungua maji usiku nje ya zamu anavyoitwa mbele za watu. Nadhani mwanafunzi wa Kichaga atakayesoma ukurasa huu atataka kwenda kuona, na ndiyo maana nimeuacha ingawa kaka wa Bukavu anasema hauhusiani na mwongozo.

Machi

Mwezi wa Fallas, sikukuu kubwa ya jiji, na wa Ramadhani kwa pamoja. Kuanzia tarehe 1 hadi 19 kila siku saa nane mchana baruti zinalipuliwa uwanja wa manispaa, na ardhi inatikisika kweli. Usiku wa tarehe 19 masanamu makubwa ya mitaani yanachomwa moto. Tumeweka onyo kwa aliyetoka sehemu yenye vita: mwenzetu mmoja kutoka Kivu aliondoka mjini wiki ile nzima, na hakuna haja ya mtu kuona aibu kwa hilo. Dada wa Mombasa alifuturisha watu kila Ijumaa: uji, tambi za sukari, viazi vya rojo. Bibi wa ghorofa ya kwanza alipanda na machungwa yake akakaa hadi tulipomaliza kuswali.

Aprili

Tarehe 28, saa sita na dakika 33 mchana, umeme ulikatika Hispania bara yote na Ureno. Taa za barabarani zikazima, mashine za kadi zikafa, baada ya muda mtandao wa simu nao ukapotea. Kukatika umeme hatukukuona jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni jinsi kila kitu hapa kinavyoutegemea: jiko letu ni la umeme, mlango wa jengo ni wa umeme, na wanafunzi wengi hawana hata sarafu mfukoni. Bibi ana mtungi wa gesi na redio ya betri. Mchana ule jengo zima lilipika kwake kwa zamu, na habari zote tulizipata kwake. Umeme ulirudi usiku, watu wakapiga makofi madirishani.

Sura ya dharura imeongezwa mistari: pesa taslimu kidogo, redio ndogo, mishumaa, maji. Mwezi uliopita Umoja wa Ulaya uliwashauri wananchi wawe na akiba ya saa 72, tumeitaja. Na tumeandika kwamba wiki ya kwanza mgeni ajitambulishe kwa majirani wa ngazi yake, ajue nani mzee, nani ana gesi.

Mei

Kanuni mpya ya wageni, Amri ya Kifalme 1155/2024, imeanza kutumika tarehe 20, hivyo sura ya karatasi na ya pesa zimefumuliwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki. Tumeandika kwa msisitizo kwamba asiitegemee kazi hiyo kulipa ada. Viza bado inataka uonyeshe walau euro 600 kwa mwezi, na katika maisha halisi ya Valencia hizo zinabana ukishatoa kodi.

Bizum tumeieleza kwa wanaodhani ni M-Pesa. Inahamisha pesa baina ya akaunti za benki tu, hakuna wakala wa mtaani. Bila akaunti ya benki huwezi kuchangia hata bili ya maji na wenzako, na akaunti inataka anwani. Tumerudi pale pale.

Julai

Jaribio. Tulimpa rasimu ndugu wa Dodoma anayekuja Septemba, tukakaa kimya tuone atakwama wapi. Alikwama pale tulipodhani pako wazi: tafsiri za vyeti. Tumeandika upya kwamba mtafsiri awe amethibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Hispania, na kwamba mihuri ya wizara ya kwetu na ya ubalozi itangulie tafsiri. Aliuliza pia kanisa, saluni ya nywele zetu, na mahali pa kununua kitenge. Hayo hatukuwa tumeyawaza. Dada amechora ramani ya Russafa kwa mkono, tumeipiga picha tukaiweka mwisho.

Agosti

Faili limetumwa kwa wote waliotuandikia, na limeshasambaa kwenye makundi ambayo hatuyajui. Sawa kabisa, ndivyo tulivyotaka. Vyumba vitatu vimeangaliwa: kimoja mwenye nyumba alikataa padron tukamuaga, kimoja kiko ghorofa ya chini na ramani ya mafuriko imekipaka rangi, cha tatu kiko Benimaclet ghorofa ya nne bila lifti, euro 380, padron ruksa. Ndugu wa Dodoma amekichukua. Kilichobaki kwa toleo la pili ni sura ya kuongeza muda wa ukaazi na ukurasa wa wanaokuja na watoto. Kaka wa Bukavu ameanza ule wa watoto, mimi napeleka pasipoti yangu wiki ijayo nikapate uzoefu wa ile sura ya ukaazi.